Vioo vya Bafuni na Chooni: Yaliyotufika Tulipohamia Nyumba Mpya



Wiki iliyopita walitujia dukani wari wawili, mtu na binamu yake, harusi zao zinafuatana baada ya Mfungo Mosi. Wamekuja na orodha ya mapazia imeandikwa vizuri. Sebule ipo, chumba cha kulala kipo, cha wageni kipo, hata dirisha dogo la jikoni limepewa kitambaa chake. Bafuni hakuna kitu. Tulipouliza, wakajibu kwa pamoja: "Huko kuna kioo cha tinti." Tukatazamana, mkubwa na mdogo, maana jibu hilo hilo ndilo tulilokuwa nalo sisi mwaka juzi.

Kwa mgeni asiyetujua, sisi ni ndugu wawili, tunashona mapazia na nguo za harusi hapa Unguja. Skuli tuliishia kidato cha nne, tukaenda kozi ya cherehani, na tangu hapo mkate wetu uko kwenye uzi na sindano. Mambo ya ujenzi hatukusomea. Tumeyajua kwa kumjengea mama nyumba huko Fuoni, ghorofa moja juu, mama chini na sisi na familia zetu juu. Nyumba ina mabafu matatu, na madirisha yake matatu yametusumbua kuliko paa zima.

Fundi wa alumini alituletea vipande vya vioo tuchague. Kimoja kilikuwa na tinti ya kung'aa, ukisimama nje unajiona mwenyewe kama kwenye kioo cha kujitazamia. Akatuambia, "Bi mkubwa, hiki ukisimama ndani mtu wa nje hakuoni ng'o." Tukakijaribu kweli. Mmoja wetu akaingia ndani, mwingine akabaki uani. Kweli, haonekani hata kivuli. Tukalipa. Ila tulikijaribu saa kumi za alasiri, jua linawaka, na bafuni hakuna hata waya wa taa.

Tukahamia. Siku ya nne baada ya isha, jirani wa upande wa pili akabisha hodi. Mama mtu mzima, ndio kwanza tunaanza kujuana. Hakutaka kukaa, hakutaka chai. Akatuvuta pembeni, karibu na ngazi, akasema taratibu: "Wanangu, msinielewe vibaya. Nilipanda juu kuanua nguo. Bafu la mama yenu, taa ikiwaka, linaonekana lote. Tundikeni kitu." Akashika buibui lake akaondoka.

Dada zetu, tulisimama pale pale tusiweze kusema neno. Mama yetu ni mtu ambaye hata sisi wanawe tukimpelekea taulo tunapitisha mkono mlangoni. Siku nne. Na juu ya lile paa la jirani hapandi yeye peke yake, kuna vijana wanaopanda kutengeneza madishi, kuna mafundi wa tangi la maji. Nani kaona, nani hakuona, hatujui mpaka leo wala hatukuuliza.

Kumwambia mama ndio ilikuwa kazi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwa bibi yenu tulikogea uani kwenye ua wa makuti, juu hamna paa, na hatukuonekana. Leo nimeonekana kwenye nyumba ya mawe." Kuanzia usiku ule akawa anaoga gizani, mlango wa bafu wazi kidogo apate mwanga wa ukumbini, na mtu mwenye magoti mabovu kwenye marumaru iliyorowa. Hapo ndipo tulipoacha kila kitu tukashughulikia vioo.

Sasa tuelezane. Kioo cha tinti ya kung'aa hakina upande wa kuonyesha na upande wa kuficha. Kinafuata mwanga. Palipo na mwanga mwingi ndipo panapoonekana, na aliye kwenye kiza ndiye anayeona. Mchana jua liko nje, kwa hivyo wewe wa ndani umefichika. Usiku umewasha taa, nje kiza, mambo yanageuka: wewe unajiona kwenye kioo na kudhani umesitirika, kumbe wa nje anakuona vizuri. Wavu wa mbu nao ni hivyo hivyo.

Na tukumbushane jambo moja. Katika Suratun Nur, aya ya 58, zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watumishi na watoto wadogo wa mumo humo ndani wanatakiwa waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya sala ya isha. Hesabuni wenyewe. Mbili katika hizo tatu ni wakati wa kiza, taa inawaka ndani. Ndizo saa ambazo kioo kile hakina kazi.

Tulipokwenda tena kwa muuza vioo, safari hii mwengine, tulikuwa na maswali. Kuna kioo cha maua, kile chenye michoro iliyonyanyuka, wazee wetu walikitia sana kwenye milango. Kinavunja umbo, mtu anaonekana kama rangi tu. Ila maua yanatofautiana. Yale makubwa yaliyoachana, ukikaribia kioo unaonekana zaidi kuliko unavyodhani. Chagueni maua madogo yaliyobanana. Ubaya wake ni kuosha. Maji yetu ya kisima yana chokaa, yakikauka na sabuni kwenye ile michoro utasugua na ndimu mpaka vidole viume.

Kuna kioo cheupe kisichoonyesha, kama kimepuliziwa ukungu. Hiki ndicho tulichompa mama, lakini nacho kina siri yake. Kile kinachokwaruzwa kwa mchanga kina upande mmoja laini na mmoja wenye kukwaruza. Ule wa kukwaruza ukirowa, unaonyesha. Tulilowesha kidole tukapitisha kwenye kipande cha kujaribia, pale pale pakawa wazi, tukamwona muuzaji pua yake. Kwa hivyo upande wa kukwaruza usielekee kwenye shawa. Kwetu sisi tumeuweka nje, na juu yake kuna kibaraza kinachozuia mvua. Kama dirisha lenu linapigwa na masika moja kwa moja, bora kile kioo cha maua.

Na kama kioo kiko chini, karibu na mtu anaposimama kuoga, agizeni kile kilichopitishwa kwenye tanuri, kinachovunjika punje punje badala ya mapande. Kipimwe sawasawa kabla, kwa sababu kikishatoka tanuri hakikatwi tena.

Halafu kuna habari ya kufungua. Dirisha la alumini la kusukuma, hata ukilitia kioo cha namna gani, ukilifungua nusu ni uwazi. Na bafu la visiwani lisipofunguliwa litaota ukungu kabla mwaka haujaisha. Sisi kwa mama tulibadilisha kabisa: chini kioo kimefungwa moja kwa moja, juu kuna kipande kinachofunguka kwa nje. Bafu moja la juu tulitia vibao vya mbao vilivyolala, kama kwenye madirisha ya nyumba za Mji Mkongwe. Vibao viinamie nje. Upepo unapita, mvua inamwagika nje, na jirani wa juu haoni kitu. Wa chini akitazama ataona dari tu. Wale wazee walijua walilolifanya, na hawakuwa na tinti.

Mlio na nyumba ya kupanga, au bwana amesema fedha imekwisha kwenye marumaru (huwa inakwisha hapo), msivunjike moyo. Kuna stika za plastiki za kubandika, zinauzwa kwa mita. Kioo kioshwe, kirashiwe maji ya sabuni, stika ivutwe taratibu na kitu bapa kutoka katikati kwenda pembeni. Kwa mvuke, kona zinaanza kunyanyuka, na hapo utazibandua ubandike nyengine. Msichukue zile za kung'aa tu, ni hadithi ile ile ya tinti.

Pazia sasa, hapa ndipo kwenye cherehani. Kanga moja si pazia la bafuni. Lesi ndio kabisa, usiku inachora kivuli chako chote. Pamba nzito inasitiri, ila haikauki, inashika ukungu na harufu. Sisi tunatumia kitambaa cha poliesta kilichofumwa kwa kubana, upana mara moja na nusu ya dirisha, na tunatia fimbo mbili, moja kwenye upindo wa juu na moja kwenye upindo wa chini. Fimbo ya chini ndiyo siri. Bila hiyo, kaskazi ikivuma pazia linapanda juu na wewe uko na povu machoni. Shoneni mawili kwa kila dirisha, moja likiwa kamba ya kuanikia jengine lipo kazini.

Jambo la mwisho ni taa, na hili hakutuambia fundi yeyote. Taa ya mama ilikuwa ukuta wa nyuma, mkabala na dirisha, hivyo mtu akisimama katikati kivuli chake kinaangukia kwenye kioo. Tukaihamishia juu ya dirisha lenyewe. Kivuli sasa kinaanguka ndani, kwenye ukuta.

Ilipokamilika tulimwendea jirani na sahani ya visheti, tukamwomba turuhusiwe kupanda paani kwake baada ya isha. Akapanda na sisi. Mdogo wetu wa mwisho alibaki bafuni amevaa dira, taa imewashwa, tukamwambia ainue mikono, ainame, asogee karibu na kioo, arudi nyuma. Alipogusa kioo kwa mkono tuliona kiwingu kidogo. Alipokaa kwenye shawa hatukuona kitu. Jirani akasema, "Mwambieni aruke." Tukampigia simu akaruka, tukacheka sisi watatu pale juu kama watoto.

Mama hakuamini mpaka na yeye alipopanda kuangalia, na magoti yake yale, tumemshika huku na huku. Usiku ule akaoga taa inawaka.

Bafu letu wenyewe la juu bado lina dirisha la kusukuma na pazia la fimbo mbili. Zamu yake ni baada ya msimu wa harusi, inshallah. Wale wari wawili wameongeza mita nne kwenye orodha yao, na kesho jioni tunakwenda kuwapimia. Jioni, wamesema. Sisi tumewaambia baada ya isha.