Jembe la Mama na Korongo wa Chuma

Kila Jumamosi, baada ya juma zima la majalada ya ofisi, huenda Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma hapa Kampala, kutafuta vipande vya kuundia sanamu. Mnyororo wa baiskeli hufaa kwa shingo, na jembe lililolika hufaa kwa bawa. Mabati yaliyopakwa zinki siyachomelei kamwe, kwa maana moshi wake humtia mtu homa.

Mwezi wa Desemba nilikwenda kijijini, nikaona nyuma ya jiko la mama majembe mawili yaliyolika hata ubapa wake haukuzidi kiganja. Nikayahesabu kuwa chakavu. Zamani nilipokuwa mwalimu niliwasimulia wanafunzi jinsi majembe ya wahunzi wa Bunyoro yalivyouzwa hadi Lango, na jinsi yalivyotolewa mahari. La mama yangu mwenyewe sikulitambua. Nikang'oa mipini bila kuuliza.

Nikaunda korongo mwenye kishungi, ndege wa taifa letu. Jirani zangu walimsifu sana.

Wakati wa Pasaka mama alikuja mjini kutibiwa macho, akamkuta barazani. Kishungi hakukitazama. Alipitisha kidole gumba kwenye bawa la kushoto, akasema, "Hili ni langu la kupalilia maharage." Lile la kulia alisema nibaki nalo.

Naam, jembe jipya ni pana, na likipita kati ya mistari iliyosongamana hukata mizizi. Lililolika hupenya. Ubapa ule mama aliupata kwa misimu mingi ya udongo wenye changarawe, wala hakuna duka liuzalo kitu cha namna hiyo. Nilimnunulia jipya siku ile ile. Alishukuru kwa adabu, akalisukuma chini ya kitanda.

Basi nikalikata bawa kwa msumeno, nikalisawazisha kwa tupa. Lakini moto wa kuchomelea ulikuwa umekwisha kulegeza chuma: makali hupata ugumu kwa moto uliopimwa, na moto wa pili huuondoa. Nikamweleza.

"Nipe hivyo hivyo, mwanangu."

Hadi leo, kila baada ya mistari michache mama husimama, akaligongagonga jembe kwa jiwe kuinyosha pembe iliyopinda. Korongo angali barazani kwangu na bawa lake moja. Wageni hudhani nilikusudia awe hivyo.