Popo wa Mafia: Subiri jua lizame, usirushe jiwe

Kwa mgeni aliyefika Miburani, kisiwani Mafia, akiwa na kamera, saa nzuri ya kuwapiga picha popo wakubwa wala matunda wakiruka ni jua linapozama. Mabawa yao yakifunguka hupita mita 1. Jamii yao haipo bara. Ndugu zao wako Pemba na Comoro.

Asimame mbali na mti wao, aelekeze kamera magharibi kwenye mwanga, asubiri. Wapo wanaorusha mawe ili kundi litimke. Popo jike hubeba mtoto kifuani; akishtuka, mtoto huweza kuanguka. Watoto wakimwokota wanaweza kung'atwa na kupata maradhi.

Popo wakiachwa hutoka wenyewe, na njiani husambaza mbegu za miti.