Salama ya Aprili

Nilimwona kwenye duka tunalonunulia mihogo ya kugandishwa, hapa Greensboro, North Carolina. Kijana mrefu wa mabega mapana, mkono mmoja umeshika kichane cha ndizi mbichi, wa pili umeinua simu usawa wa uso. Alikuwa akiongea Kihispania na mama mmoja aliyejaa kwenye kioo cha simu, kilemba kichwani. Kihispania sikijui, ila sauti ile naijua. Inapandishwa kidogo kuliko kawaida, maneno ni mafupi, na tabasamu hutangulia kabla swali halijaisha. Ni sauti ya "nipo salama, mama".

Siku mbili kabla nilikuwa nimemtazama uwanjani. Ni mrushaji wa Greensboro Grasshoppers, na jioni ile mpira ulimkataa kabisa. Wapigaji watatu mfululizo walitembea hadi besi ya kwanza bila jasho kwa sababu mipira yake ilikuwa inapita nje ya eneo. Wa nne akauchapa mpira ukavuka uzio. Kocha alitoka taratibu, kijana akamkabidhi mpira, akarudi benchi akitazama ncha za viatu vyake. Kulikuwa na baridi, na chavua ya misonobari imetanda kwenye viti kama binzari iliyomwagika, kama ilivyo kila Aprili katika mji huu. Nyuma yangu alikaa baba mmoja na binti yake mdogo. Yule baba akapiga makofi, akapaza sauti: usijali kijana, bado ni Aprili!

Nimeishi hapa miaka kumi na mmoja na sijawahi kusikia Mmarekani akimwambia mtu neno hilo mahali pengine popote.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mpangilio wake ni ngazi. Klabu kubwa za besiboli Marekani ni 30, na kila moja ina timu za vijana chini yake, ngazi nne, jumla timu 120 tangu mfumo ulipopangwa upya mwaka 2021. Grasshoppers wako chini ya Pittsburgh Pirates. Kijana hutoka Bradenton, Florida, akaja kwetu, akipanda anakwenda Altoona, halafu Indianapolis, halafu Pittsburgh kwenyewe, akijaliwa. Wengi hawajaliwi. Msimu wa vijana huanza Aprili, na kabla wiki tatu hazijaisha watu wameshatoa hukumu: huyu anawaka, huyu kaisha.

Mimi nilikulia Magomeni nikicheza rede, na labda ndiyo maana mchezo huu uliniingia. Mkono wa kurusha unapokukataa, naujua unavyojisikia begani. Lakini hesabu zao nilijifunza hapa, na hesabu moja ndiyo iliyonifumbua macho. Chukua mpigaji aliyepewa nafasi 60 za kupiga mwezi huo. Akifanikiwa mara 15, anaitwa wa kawaida, pengine wanaanza kumnung'unikia. Akifanikiwa mara 20, ni nyota, wanauliza kwa nini hajapandishwa. Tofauti ni mipira mitano katika wiki tatu. Mmoja ulipita katikati ya walinzi wawili, mwingine ulimgusa mlinzi kwenye ncha ya glavu ukadondoka, mwingine upepo uliubeba. Juu ya mipira mitano namna hiyo watu wanaandika kwamba kijana huyu ana mustakabali na yule hana.

Wanaouelewa mchezo hawaandiki hivyo. Wana kumbukumbu ndefu. Uwanja wetu umesifika kwa mbwa waliofunzwa kukimbia kuokota rungu la mpigaji na kulirudisha benchi, na mmoja wao alipewa jina la Willie Mae Mays, kwa heshima ya Willie Mays. Huyo Mays, mwaka 1951, alicheza michezo 35 kwenye timu ya vijana ya Minneapolis akifanikiwa karibu nusu ya nafasi zake zote, kitu ambacho hakisikiki. New York Giants wakamwita haraka. Katika nafasi zake 26 za mwanzo huko juu alifanikiwa mara moja tu. Kijana wa miaka 20 alilia, akaomba arudishwe chini. Kocha wake, Leo Durocher, akakataa. Mwisho wa msimu ule Mays alichaguliwa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake, na leo wapo wanaoamini hakuna aliyewahi kuucheza mchezo huo kumzidi.

Karibu zaidi nasi yupo Bubba Chandler. Alirusha hapa Greensboro mwaka 2023, na miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, akipigwa karibu kila wiki. Hawakumtupa. Nusu ya pili ya msimu akageuka mtu mwingine, na Agosti 2025 alikuwa anarusha Pittsburgh. Wapo wanaowaka tangu siku ya kwanza pia: Konnor Griffin alipita hapa 2025 akiwa na miaka 19, na msimu ule, kwa ngazi tatu alizopanda, alipiga mipira 21 ya kuvuka uzio na kuiba besi 65. Ila sikumbuki mwanzo wake vizuri kama ninavyowakumbuka waliohangaika. Nadhani ni kwa sababu ya mwanzo wangu mwenyewe.

Nilifika Desemba. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kuhudumia wazee, na mkataba ulisema siku 90 za majaribio. Siku ya kumi na mbili msimamizi aliniita, akaweka karatasi mezani. Dakika zangu kwa kila chumba zilikuwa zimeandikwa, na zilikuwa nyingi mno. Nilichelewa kwa sababu Kiingereza cha wazee wa huku kilinipita masikioni, nikawa namwomba kila mtu arudie. Na nilichelewa kwa sababu kwetu humwogeshi mzee bila kumsalimia akakuitikia. Alinionyesha namba, akaniuliza kama kazi hii inanifaa. Hakuna aliyesema bado ni Desemba.

Na nyumbani? Nyumbani ndiko tulikofundishwa kusubiri. Mzazi akijifungua, siku arobaini hatoki. Anakandwa, analetewa uji wa pilipili manga, hakuna anayemdai kitu, na mtoto hakuna anayemuuliza atakuwa nani. Nilipojifungua binti yangu hapa, nilirudi kazini wiki ya sita kwa sababu bili hazisubiri. Siku ya arobaini niliihesabu peke yangu jikoni, nikajipikia uji. Lakini watu wale wale waliomlinda mzazi siku arobaini walinipigia simu wiki ya tatu tangu nishuke kwenye ndege: mbona kimya, umetusahau? Ada ya fulani, bati la nyumba ya fulani. Mama yangu peke yake ndiye hakuomba. Aliuliza nimekula nini, nami nikapandisha sauti ile, nikamwambia nipo salama.

Nimejaribu kupima makwetu haya mawili, na jambo linaloniuma ni kwamba subira ipo kote kuwili. Inategemea tu wewe ni nani. Hapa anasubiriwa yule ambaye fedha imewekwa juu yake. Griffin alisaini kwa zaidi ya dola milioni 6. Mtu wa namna hiyo hupewa Aprili nyingi. Kijana wa Jamhuri ya Dominika aliyesaini kwa kiasi kidogo akiwa mtoto wa sekondari hupewa chache, akivurunda sana anapewa tiketi ya kurudi kwao. Hadi mwaka 2022, mshahara wa chini wa mchezaji wa ngazi hii ya Greensboro ulikuwa dola 11,000 kwa mwaka. Ndipo vijana wenyewe walipoungana kwenye chama, na mkataba wao wa kwanza wa mwaka 2023 ukaupandisha hadi 27,300. Nilifurahi siku ile kama ndugu yangu ndiye aliyeongezewa. Sisi tunaoogesha wazee bado hatujapata mkataba wa namna hiyo.

Nao Pirates, ukitaka kuwasifu, wameshamsubiri Mwafrika. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini nao mwaka 2008. Alikulia kwenye chumba ndani ya klabu ya besiboli ambayo mama yake alifanyia kazi. Alicheza misimu minane kamili kwenye ligi ndogo, na mara nyingi takwimu zake za kupiga zilikuwa hafifu. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, na nafasi yake ya kwanza kabisa aliupiga mpira vizuri akafika besi. Mama yake alikuwa ameshafariki mwaka 2013. Tarehe ile huwa naifikiria kila mwaka. Tangu hapo Pirates wamesaini na Mganda, David Matoma, mrushaji wa mpira wa kasi sana, naye wakamwanzisha kwenye ngazi hizi hizi za chini.

Habari hizi ndizo zinazomfanya dada yangu aliyeko Dar anipigie kila Jumamosi. Kijana wake anacheza besiboli Azania Sekondari, ambako uwanja ulijengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2018. Ni mtoto wa mkono wa kushoto. Udogoni alichapwa vidole ili ale wali kwa mkono wa kulia, na kuandika kwa kulia. Kwenye kurusha hakuna aliyemgeuza, na huku mrushaji wa kushoto hutafutwa kama lulu. Dada anataka nimwambie kama mtoto ana kipaji ama hana, ili ajue amwekee tumaini wapi.

Jumamosi iliyopita walipiga saa nne asubuhi ya hapa, Dar ni saa kumi na moja jioni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Mmechezaje?"

Akapandisha sauti kidogo. "Vizuri tu, mama mdogo. Salama."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Kisha akasema polepole kwamba alitoa besi za bure nne, mwalimu akamtoa.

"Mkono unauma?"

"Hauumi."

"Umekula?"

"Bado."

Dada akadaka simu: mwambie ukweli, mdogo wangu, usimfiche. Nikamwomba ampe mtoto chakula kwanza. Nikamwambia kijana kwamba Jumanne usiku kuna mtu nitakwenda kumtazama, alipigwa vibaya sana juzi na sasa anarudishwa tena uwanjani, nitamrekodia video.

"Anatumia mkono gani?"

"Wa kushoto," nikamwambia.