Mayai Yenye Sahihi: Siku Tatu Choma

Mtu atokaye Lubumbashi akavuka mpaka pale Kasumbalesa hupita kwanza miji ya shaba ya Zambia, kisha Kabwe, kisha Lusaka. Kutoka Lusaka barabara yaandamana na reli kuelekea kusini. Ndiyo njia ya reli iliyofika kwetu Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mwaka 1910. Baada ya kilomita karibu 280 unafika Choma, katika nchi ya Watonga, juu ya uwanda wa mita 1,300 hivi. Hapana mlima wala ziwa. Kuna mahindi, tumbaku, ng'ombe na majani marefu. Wasafiri wengi hupita hapo wamelala, maana wanakwenda kuona maporomoko ya Livingstone.

Mimi nilishuka. Nilikuwa na ndugu wa kumwamkia, na jirani yake alikuwa mzee ajuaye viota kuliko mimi nijuavyo alfabeti. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua bado nyingi. Asubuhi yake alinipeleka pembeni mwa shamba, akatenga majani kwa fimbo, akasema: «Mwalimu, tazama kwa macho tu, mkono ubaki mfukoni.»

Kiota kilikuwa kama kifuko kilichosukwa kwa nyasi laini, mlango ubavuni. Ndani mlikuwa na mayai matatu mekundu kama matofali, yenye madoa na mistari myembamba. Hatua sitini mbele yake, kiota kingine cha ndege yuleyule: mayai ya samawati. Mwenyewe ni ndege mdogo wa kahawia, mkia mrefu, uzito wake gramu 10 tu. Wataalamu humwita prinia. Tunaye hata Katanga, lakini nani humtazama? Mayai yake huweza kuwa meupe, ya samawati, mekundu, au ya kijani cha zeituni, na madoa yake hutofautiana vilevile. Lakini kila mama hutaga namna moja tu maisha yake yote.

Kwa nini tofauti hizo? Kwa sababu ya adui. Katika majani hayohayo huishi ndege mwingine ambaye dume lake ni la njano na jike lake la kahawia. Mimi nitamwita mdoezi, maana hajengi kiota wala halishi mtoto. Jike hunyemelea kiota cha prinia, mara nyingi huondoa yai la mwenyewe, akaacha lake. Kinda la mdoezi huanguliwa mapema, hukua upesi, hunyakua kila chakula kiletwacho, na baada ya siku chache watoto wa kiota hufa kwa njaa. Basi yule mama mdogo hufanya kazi majuma mazima kumnenepesha mtoto asiye wake, naye mwaka huo hana uzao kutoka kiota hicho. Ndiyo maana hushambulia kila jike la mdoezi alionalo. Hata jike la kweche, ndege asiye na hatia, hupigwa pamoja naye, kwa kuwa manyoya yao yafanana mno.

Kila mwalimu aliyepokea barua za wazazi ataelewa vita hivi mara moja. Mtoto mtundu aweza kuiga sahihi ya babake vizuri kabisa, lakini kama barua yapasa kubeba sahihi ya mjomba, ustadi wake haumfai kitu. Mayai ya mdoezi nayo yana rangi nyingi, na kila jike naye hutaga namna moja tu. Hachagui kiota kinacholingana na yai lake, hubahatisha. Akilitia yai jekundu katika kiota cha samawati, mama huligundua kwa rangi, kwa ukubwa wa madoa na kwa jinsi yalivyotawanyika, akalitupa nje. Lakini mdoezi ana hila nyingine. Hurudi akaongeza yai la pili katika kiota kilekile, na mama aonaye mayai mengi ya kigeni hupoteza hakika ya yaliyo yake.

Habari hizi zimejulikana kwa kazi ya Bibi Claire Spottiswoode na wenzake, na zilianzia kwa Meja John Colebrook-Robjent, mlima tumbaku wa huku Choma, aliyekusanya mayai miaka mingi hadi kufa kwake mwaka 2008. Vijana na wafanyakazi wa mashamba ndio waliomtafutia viota kwa malipo madogo. Kwa fikira yangu, macho yao ndiyo shina la elimu hii yote. Mwaka 2012 watafiti walitangaza ulinganisho wa mayai ya miaka 40: ya prinia yamebadilika, na ya mdoezi yamebadilika yakiyafuata. Na mwaka 2023, hapahapa Choma, wengine walipima mramba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda, ambaye hudoewa na kekeo. Kekeo huiga mayai yake karibu bila kosa. Hata hivyo ilikadiriwa kwamba mramba hutambua na kukataa zaidi ya mayai tisa katika kumi.

Jambo lililonishangaza kupita yote lilitangazwa mwaka 2022. Rangi ya yai la mdoezi hurithiwa kwa mama peke yake, kama ukoo kwa Watonga na kwa Wabemba. Urithi huo humsaidia kushika vema namna ya mama zake, lakini pia humfunga. Kijani cha zeituni hupatikana kwa kuchanganya rangi mbili, ile ya samawati na ile nyekundu, na mdoezi hawezi kuchanganya koo mbili. Prinia aweza. Kwa hiyo mama mwenye mayai ya zeituni anayo sahihi ambayo mwizi hajaipata.

Mama wa kiota chetu, kwa bahati mbaya, alikuwa na mayai mekundu. Siku ya tatu tulirudi kabla ya basi langu. Mzee alihesabu: matatu, kama juzi. Akainama tena, akakaa kimya kitambo.

«Moja si lile,» akasema.

Nilitazama mpaka macho yakaniuma, nisione tofauti. Mama alikuwa juu ya shina la nyasi, akipiga kelele na kutikisa mkia, akingoja tuondoke. Mzee aliyarudisha majani mahali pake. Honi ya basi ilisikika barabarani, nami nikakimbia.