Asilimia za Wajukuu

Kila mwaka vyuo vikikaribia kufunguliwa, wazee wenzangu barazani huanza wimbo uleule: vijana wa siku hizi wanakopeshwa, halafu wanalia. Sisi tulisoma kwa jasho. Jasho lipi? Tuliopita Mlimani miaka ya sabini tulilala bure, tukala bure, na likizo ikifika tulipewa waranti ya treni. Kikwazo chetu kilikuwa mlangoni. Nafasi zilikuwa chache mno, na baada ya Azimio la Musoma la 1974 ilibidi mtu afanye kazi kwanza, tawi la chama nalo limpendekeze. Ukishaingia, umeingia.

Wajukuu wetu wanaingia kwa maelfu, kisha wanagonga ukuta wakiwa ndani. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, hugawa mkopo kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo. Kila fungu lina kikomo chake. Mjukuu wangu alinionyesha lake kwenye simu: ada, asilimia 60. Hizo 40 zilizobaki hapakuandikwa atazitoa nani. Fedha ya kujikimu, wenyewe wanaiita boom, ilikuwa 5,000 kwa siku, 2011 ikapanda hadi 7,500, baadaye 8,500, sasa 10,000. Humo atoe kodi ya geto, nauli ya daladala, wali maharage wa mamantilie, na bando, maana siku hizi hata kazi za darasani zinatumwa mtandaoni.

Kikomo chenyewe sina ugomvi nacho. Mfuko wa serikali una mwisho, na kijana akiachiwa akope anavyotaka atazeeka na deni. Kinachonikera ni jinsi ya kupima nani mhitaji. Kusoma sekondari ya binafsi huhesabiwa dalili ya uwezo, labda ulete barua ya mfadhili. Sasa chukua mtoto wa mjane aliyesomeshwa na mjomba. Mjomba aliuza ng'ombe, mwaka uliofuata akauza tena, na kaishiwa. Hana shirika, hana mhuri. Wema wake unageuka ushahidi dhidi ya mtoto, na anayepigiwa simu kuziba pengo la ada ni yeye huyohuyo. Ukoo umekuwa bodi ya pili ya mikopo, isiyo na bajeti.

Kurejesha nako kuna hadithi yake. Tangu 2016 aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya deni livimbe kila mwaka, ilifutwa 2021, na vijana walishangilia kuliko sisi tulipopata pensheni.

Barazani niliwauliza wenzangu wao walirudisha kiasi gani. Mmoja akajibu kwamba tulilipa kwa utumishi. Ni kweli. Yeye alipomaliza chuo serikali ilimpangia kazi Songea, akaenda akiwa na barua mkononi. Dada yake huyu mjukuu wangu amemaliza ualimu, anaomba ajira kila tangazo linapotoka, anaitwa kwenye usaili, anarudi. Ile miezi 24 ya kupumua inayotolewa na sheria kabla ya kuanza kulipa inaishia Novemba.