Kano si Misuli

Miongoni mwa walimu wa shule yetu hapa Kampala, mchezo wa vinyoya umepata wapenzi wengi, nasi karibu sote tumevuka miaka arobaini. Ni jambo la kufurahisha. Hata hivyo, mwaka jana mwenzetu mmoja, katika wiki yake ya nne tu, aliruka kinyumenyume kukifuata kinyoya, mara akageuka kwa hasira kumtafuta aliyempiga teke kisiginoni. Hapakuwa na mtu. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika. Kwa miezi kadhaa alifundisha ameketi, magongo yake yameegemezwa ukutani kando ya ubao.

Katika mazungumzo ya kila siku vyote huitwa mshipa: kinachopitisha damu na kinachovuta mfupa. Upana huo wa neno humpendeza mwalimu wa lugha, lakini kwa mchezaji wa makamo una hatari. Misuli ni nyama. Hupata damu nyingi, na hushika nguvu baada ya wiki chache. Kano ni uzi mgumu unaoifunga misuli kwenye mfupa. Damu yake ni haba, nayo huchukua miezi kuzoea mzigo mpya. Basi ifikapo wiki ya nne au ya tano pumzi zimerudi, mapaja yana nguvu, na mtu hujiona kijana, ilhali kano ingali nyuma. Siku ya kwanza kila mtu hujihadhari; hatari ni hapo.

Kwa hiyo mimi, nilipoanza nikiwa na miaka 44, nilicheza mara mbili tu kwa wiki, siku hizo zikiwa zimeachana. Kabla ya mchezo hutumia dakika kumi kutembea upesi, kukimbia polepole, kuzungusha mabega, kisha kurushiana kinyoya bila kushindana. Kule kujinyoosha na kutulia tuli kwa muda mrefu hakupashi mwili moto. Nakuacha hadi mwisho.

Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Uswidi na wenzake walieleza habari za wanamichezo 15 wa makamo waliokuwa na maumivu sugu ya kano hiyo. Kwa wiki 12 walisimama ukingoni mwa ngazi wakishusha visigino polepole, na wote wakarudia kukimbia. Ile ilikuwa tiba. Mimi nalifanya zoezi hilo kwa kujikinga, mara 30 kila asubuhi kwenye ngazi za baraza, chai ikichemka.

Shavu la mguu likianza kukaza katikati ya mchezo, natoka. Vijana hucheka, nami huwahesabia pointi.