Skrini nyeusi, mashine nzima

Wandugu, leo tuongee juu ya skrini nyeusi. Hapa Kinama, kompyuta ikibadilishwa kipande halafu ikakataa kuonyesha picha, neno ni moja tu: "Imekufa." Ikishaitwa maiti inasukumwa kwenye kona. Kesho mtu anachomoa RAM, kesho kutwa waya wa umeme, mwisho wa mwezi limebaki sanduku. Halafu vijana kumi tunajipanga kwenye mashine moja, na fomu za masomo zina siku yake ya mwisho, haingoji mtu.

Ile iliyotufikia toka Itaba, kule Gitega, nusura iishe hivyo. Fundi aliipachika kadi ya picha ili tuweze kufundishana kukata video. Kuwasha, giza. Akasema kadi imeungua, tutafute pesa ya nyingine. Tukamwambia, "Papa fundi, tupe dakika kidogo." Tukabonyeza Caps Lock: kataa ya kibodi ikawaka, tukabonyeza tena ikazimika. Basi mashine ilikuwa inafanya kazi, picha tu ndiyo haikufika. Tukageuza sanduku. Waya wa skrini ulikuwa bado kwenye tundu la zamani, lile la ubao mkuu, na kompyuta nyingi zikiona kadi mpya zinalifunga tundu hilo. Tukahamishia waya kwenye kadi. Picha ikatoka, na pesa ya watu ikabaki mfukoni.

Kama kibodi haijibu kabisa, au sanduku linalia tii-tii, siye tunaanza na RAM. Barabara inatikisa, vumbi linaingia. Chomoa umeme kwanza (kwanza, si baadaye), bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, gusa chuma cha sanduku, ndipo utoe RAM. Futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, irudishe mpaka usikie vishikio vimelia "ta". Ikigoma bado, kuna kibetri cha duara kama sarafu pale kwenye ubao. Kitoe dakika chache, kirudishe, mipangilio ya zamani itajifuta. Saa na tarehe utaziweka upya.

Kuna siku picha inatoka lakini maandishi ni makubwa, yamevutwa kama uso kwenye kijiko. Hapo hakuna kilichoharibika, inakosa dreva ya kadi tu. Kwa intaneti yetu hii, ni afadhali kuipakua kwenye mashine nyingine na kuileta kwa fleshi.

Linalotusumbua zaidi ni matundu yasiyofanana. Skrini zetu nyingi ni za zamani, zina VGA, na kadi zinazoletwa siku hizi zina HDMI. Waya wa kuunganisha tu, usio na mtambo ndani, hautoshi, maana HDMI inatuma picha kwa namba na VGA inaipokea kwa namna nyingine kabisa. Kinatakiwa kigeuzi chenye mtambo wake. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, kabla ya kutuma kadi nyingine tuulizeni kwanza skrini zetu zina tundu gani. Vigeuzi tunahitaji viwili, na mashine zinazovingoja ziko mezani, hatujaziweka kwenye kona.